Nyota ya Afrika: Tarehe, Utepe na Shaba

Iweke mezani uso ukitazama juu, kisha chukua rula. Kutoka ncha ya juu hadi ncha ya chini ni milimita 44. Kutoka ubavu hadi ubavu ni milimita 38. Asiyezoea anaweza kudhani nyota imebanwa kidogo pembeni, lakini vipimo hivyo viwili vimetoka kwenye bikari moja. Chora duara lenye nusu kipenyo cha milimita 22, kisha, bila kubadilisha upana wa bikari, itembeze ukingoni mwa duara. Itapiga hatua sita na kurudi ilipoanzia. Unganisha alama hizo kwa kuruka moja moja, utapata pembetatu mbili zilizopandana, na nyota itakayosimama kwa ncha moja itakuwa na urefu wa 44 na upana wa 38 na chembe. Aliyeichora Nyota ya Afrika hakutafuta umbo la ajabu. Alichukua umbo ambalo mwanafunzi yeyote mwenye bikari anaweza kulipata, akaliacha safi.

Hii ni medali ya kampeni, na wengi huichanganya na nishani ya ushujaa. Nishani ya ushujaa humtazama mtu mmoja na tendo lake moja. Ndiyo aliyotunukiwa, baada ya kufa, Sajini Nigel Leakey wa kikosi cha 1/6 cha King's African Rifles: Victoria Cross, kwa alichokifanya Colito, Ethiopia, tarehe 19 Mei 1941. Medali ya kampeni haidai makuu hayo. Inasema tu kwamba huyu alikuwepo, mahali fulani, wakati fulani, akiwa kazini. Jenerali huipata na kuruta huipata, ya shaba ileile. Kwa hiyo kazi ya kuitengeneza huanzia mbali na tanuri. Huanzia kwenye karatasi, mikononi mwa watu wanaopaswa kuamua maana ya kuwepo.

Julai 1943, vita vikiwa bado vinaendelea, Uingereza ilianzisha nyota mbili kwa mpigo. Moja ilikuwa ya vita kwa jumla, ikaitwa Nyota ya 1939–43, na baadaye jina likasogezwa kuwa Nyota ya 1939–45. Nyingine ilikuwa ya Afrika. Ile ya kwanza ilidai kwa kawaida siku 180 za utumishi katika maeneo ya mapigano. Ya Afrika ilidai siku moja.

Nimeipima tofauti hiyo na naona busara ndani yake. Panapowekwa siku nyingi, hesabu ya siku ndiyo chujio. Panapowekwa siku moja, chujio ni mpaka wa mahali na mpaka wa tarehe, na mipaka hiyo ikichorwa vibaya hakuna kingine kitakachoirekebisha. Walioandika masharti ya Nyota ya Afrika walijipa kazi ngumu zaidi ya hizo mbili.

Tarehe ya kufungulia ilikuwa 10 Juni 1940, siku Italia ilipoingia vitani dhidi ya Uingereza na Ufaransa. Ya kufungia ilikuwa 12 Mei 1943, majeshi ya Ujerumani na Italia yakisalimu amri Tunisia. Eneo lilikuwa Afrika ya Kaskazini yote, kutoka Mfereji wa Suez hadi Mlango wa Gibraltar, pamoja na kisiwa cha Malta. Wangeishia hapo, askari wengi wa Afrika Mashariki wangebaki nje. Hawakuishia hapo. Waliingiza Ethiopia, ambayo wakati huo wengi waliiita Uhabeshi, pamoja na Somalia, Eritrea na Sudan. Lakini nchi hizi za kusini, zisizopakana na Bahari ya Mediterania, zilipewa tarehe yao ya kufungia: 27 Novemba 1941.

Tarehe hiyo haikuokotwa. Siku hiyo ndipo ulipoanguka Gondar, ngome ya mwisho ya Waitaliano katika nyanda za juu za kaskazini mwa Ethiopia, na Jenerali Guglielmo Nasi akasalimu amri. Brigedi za 25 na 26 za Afrika Mashariki zilikuwepo. Safari ya jeshi lililotokea kusini ilikuwa imeanzia mpakani mwa Kenya chini ya Jenerali Alan Cunningham, askari wa KAR, ambao wananchi waliwaita Keya, wakienda pamoja na wenzao wa Nigeria, Gold Coast na Afrika Kusini. Kismayu ilitwaliwa tarehe 14 Februari 1941, mto Juba ukavukwa, Mogadishu ikatwaliwa tarehe 25 ya mwezi huohuo, Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Mtu angeweza kufunga hesabu Addis Ababa, mji mkuu ukiwa umeshatwaliwa, au tarehe 5 Mei, siku Mfalme Haile Selassie alipoingia tena katika jiji lake. Waandishi wa masharti walisubiri hadi bunduki ya mwisho. Kwa kufanya hivyo waliwahesabu wale waliobaki wakipanda milima kwenye mvua miezi saba baada ya magazeti kwenda kutafuta habari kwingine. Hilo nalihesabu kuwa ufundi, sawa na ufundi wa patasi.

Ukali wa mpaka huo wa tarehe unaonekana ukisogea siku moja tu. Askari aliyeingia Somalia tarehe 27 Novemba 1941 yumo. Aliyeingia tarehe 28 hayumo, ingawa mwenzake aliyefika Tobruk, Libya, siku hiyohiyo ya 28 yumo. Na Madagaska haimo kabisa. Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki iliteremka kisiwani humo Septemba 1942 na kupigana dhidi ya vikosi vya serikali ya Vichy ya Ufaransa mpaka mapigano yalipokoma mapema Novemba. Utumishi ule ulihesabiwa kwenye Nyota ya 1939–45. Kijiografia Madagaska ni ya Afrika, lakini kampeni iliyokuwa ikipimwa haikuwa bara, ilikuwa vita vilivyoanza Italia ilipochomoa upanga. Unaweza kuona ni haki au si haki. Huwezi kusema mstari haukuchorwa kwa makusudi.

Winston Churchill alisimama bungeni Machi 1944 kulieleza suala hili hili la medali, akakiri kwamba hakuna kanuni itakayomridhisha kila mtu: kinachopewa wote hupungua thamani, na kinachonyimwa wachache huwauma. Waliokuwa wakiandika tarehe walijua hivyo walipoziandika.

Baada ya tarehe ulikuja utepe. Utepe ulitangulia medali yenyewe kwa miaka kadhaa, kwa sababu wakati wa vita shaba ilikuwa na kazi nyingine. Askari walivaa kipande cha kitambaa kifuani, upana milimita 32, na nyota ikasubiri amani.

Rangi za utepe zinanasibishwa na Mfalme George wa Sita mwenyewe, na zinasomeka bila maelezo mengi. Ardhi yote ya utepe ni rangi ya mchanga, hudhurungi iliyopauka. Katikati unapita mstari mpana mwekundu, wa jeshi la nchi kavu. Kila upande wa huo mwekundu, ukiwa umezungukwa na mchanga, upo mstari mwembamba: mmoja buluu iliyokolea, wa jeshi la majini na mabaharia wa meli za biashara, mwingine buluu hafifu, wa jeshi la anga. Mchanga ni wa Sahara. Lakini waliopita kaskazini mwa Kenya, kwenye jangwa la Chalbi, waliijua rangi hiyo bila kufika Libya.

Mfumaji wa utepe hana nafasi ya kubadili mawazo njiani. Mistari yote inakwenda kwa urefu, maana yake rangi zimo kwenye mtande, nyuzi zinazotandazwa kwanza, wala si kwenye mshindio unaopita kukata. Kwa hiyo utepe huwa umeshaamuliwa kabla kitanda cha kufumia hakijaanza kazi. Mfumaji huhesabu nyuzi za mchanga, akaingiza za buluu iliyokolea, akahesabu za mchanga tena, za nyekundu, za mchanga, za buluu hafifu, akamalizia na mchanga. Akikosea uzi mmoja, kosa hilo litakwenda mita baada ya mita. Ndivyo afanyavyo pia msukaji wa mkeka wa pwani, anayechovya ukindu kwenye rangi na kuupanga kabla hajasuka hata mstari mmoja. Kitanda kikianza, mshindio hupita huku na huku ukibanwa kwa nguvu, mpaka uso wa utepe unakuwa na matuta madogo madogo ya kukata, unayoyahisi kwa ukucha kabla ya kuyaona kwa jicho. Kingo mbili hujifunga zenyewe, kwa sababu mshindio unageuka hapo na kurudi. Ndiyo maana utepe halisi haufumuki pembeni. Hufumuka pale tu ulipokatwa.

Angalia pia kwamba utepe huu hauna pande mbili zinazolingana. Buluu moja imekolea, nyingine imefifia, na kanuni inasema iliyokolea ikae mbali na bega la kushoto. Jambo dogo, lakini tutalirudia, kwa sababu kuna mtu ambaye kazi yake yote inaweza kuharibikia hapo.

Sasa chuma na shaba. Kiwanda cha Kifalme cha Sarafu kilikuwa wakati huo Tower Hill, London, na kazi iliyokisubiri baada ya vita haikuwa nyota moja bali nyota nane: ya 1939–45, ya Atlantiki, ya marubani wa Ulaya, ya Afrika, ya Pasifiki, ya Burma, ya Italia, na ya Ufaransa na Ujerumani. Ubunifu uliotumika ni wa kuheshimiwa. Nyota zote nane ni moja. Miale sita ni ileile. Katikati zimo herufi GRI na tarakimu VI, alama ya Mfalme George wa Sita, Mfalme na Kaizari. Juu yake limekaa taji. Kuzunguka alama hiyo uko mkanda wa duara ambao sehemu yake ya juu imefunikwa na taji. Ndani ya mkanda huo tu ndimo jina linapobadilika. Anayesoma maandishi anajua ni Nyota ya Afrika. Asiyesoma anajua kwa utepe, tena kutoka mbali. Kazi ya kutofautisha ilikabidhiwa kitambaa, na shaba ikaachiwa kazi ya kufanana.

Njia ya kupata kalibu ya medali huanza na kitu kikubwa na laini. Mchongaji hutengeneza mfano wa plasta, mpana mara nyingi kuliko medali itakavyokuwa, kwa sababu mkono wa binadamu hauwezi kuchonga taji la upana wa punje ya mahindi na kila lulu yake ionekane. Kwenye plasta anaweza kuzunguka kila herufi, akakwangua, akapuliza vumbi, akatazama kwa mwanga wa pembeni. Mfano ukikubalika hufanywa mgumu kwa kupakwa chuma, kisha hufungwa kwenye mashine ya kupunguzia. Mashine hiyo ina mkono mrefu. Upande mmoja wa mkono kuna sindano butu inayoupapasa mfano mkubwa polepole, kwa mzunguko unaoanzia katikati na kupanuka kwenda nje. Upande wa pili, kikatio kinafuata kila inapopanda na kila inaposhuka, kikiikata feleji kwa kipimo kidogo. Hakuna la kuharakisha hapa. Kazi huchukua saa nyingi, na fundi anayeisimamia huwa na shughuli moja kubwa: kusikiliza. Sauti ya kikatio ikibadilika, ncha imechoka au feleji ina doa gumu.

Kinachotoka ni sura iliyoinuka, ndogo, ya feleji laini. Fundi huikagua kwa kioo cha kukuzia na kuinoa kwa patasi nyembamba pale ambapo mashine imeacha kona butu, kwani mashine haijui herufi ni nini. Kisha huiingiza motoni hadi iwe nyekundu, akaizamisha ghafla ili iwe ngumu, akaipasha tena kidogo ili isiwe na ugumu wa kioo unaopasuka. Sura hiyo ngumu hukandamizwa ndani ya pande la feleji laini, ikaacha shimo lenye sura ya kinyume. Pande hilo nalo hupitishwa motoni. Hiyo ndiyo kalibu. Ikichakaa baada ya kupiga maelfu, nyingine huzaliwa kutokana na sura ileile ya mwanzo, na ndiyo maana nyota ya mtu wa Nakuru na ya mtu wa Liverpool hazina tofauti unayoweza kuipata hata kwa lenzi.

Madini yenyewe ni shaba iliyochanganywa na zinki. Si dhahabu, si fedha, na haijifanyi hivyo. Karatasi za madini huviringishwa hadi unene unaotakiwa, vipande vikakatwa, vikapashwa moto ili vilegee. Shaba iliyofanyiwa kazi hukakamaa, na iliyokakamaa haiingii kwenye vijishimo vya kalibu. Moto huirudishia utulivu. Kisha kipande huwekwa chini ya mtambo, kalibu hushuka kwa uzito wa tani nyingi, na shaba husogea kama inavyotakiwa kusogea, ikijaza miale, herufi na taji. Ziada iliyobanwa nje kati ya ncha na ncha hukatwa kwa kikatio chenye umbo la nyota, kingo husafishwa, kishikio kidogo kilicho juu ya ncha ya juu hutobolewa, na pete huingizwa. Nyuma huachwa tupu.

Hapa nataka kukumbusha medali ya vita vilivyotangulia. Medali ya Vita ya Uingereza ya 1914–20, iliyochongwa na William McMillan, ilipigwa kwa fedha kwa mamilioni, lakini kiasi cha 110,000 hivi kilipigwa kwa shaba, na hizo za shaba zilikwenda hasa kwa watu wa vikosi vya vibarua, Wachina, Wamalta na Wahindi. Picha ni ileile ya mpanda farasi, utepe ni uleule, madini yameshushwa. Nyota za vita vya pili hazikufanya hivyo. Mishahara ya askari Mwafrika na Mzungu haikulingana, vyeo havikulingana, wala walichokikuta nyumbani hakikulingana. Nyota ililingana. Si malipo ya hayo mengine, lakini kwa aliyeiagiza hivyo, naandika shukrani zangu.

Nyuma kuachwa tupu ni jambo jingine. Medali ile ya 1914–20 ilikuwa na ukingo mnene wa kutosha kugongwa namba, cheo, jina na kikosi, herufi moja moja. Nyota ni nyembamba, haina ukingo wa namna hiyo, na Uingereza ilizitoa bila jina kwa ajili ya kubana matumizi. Australia, Afrika Kusini na India ziliamua tofauti. Majina ya watu wao yaligongwa nyuma ya nyota, juu ya ule uwanja mtupu. Ukiishika nyota ya India yenye jina na ya Uingereza isiyo na jina, moja kila mkono, utaona gharama ya uamuzi ule. Ile yenye jina inaweza kupotea miaka hamsini na bado ikamrudia mwenyewe. Isiyo na jina ikishatengana na karatasi zake, inajua kampeni na haimjui mtu. Katika kazi yote hii, hapa ndipo ninapoona mkono ulipunguza pasipostahili kupunguzwa.

Juu ya utepe wa baadhi ya nyota kuna kipande kingine, kibao chembamba cha shaba chenye maandishi. Jeshi la Nane la Uingereza lilipata chake, Jeshi la Kwanza chake, na wanamaji na wanaanga walipata kilichoandikwa Afrika ya Kaskazini 1942–43. Hakuna aliyevaa zaidi ya kimoja. Cha Jeshi la Nane kilihesabiwa kuanzia 23 Oktoba 1942, usiku wa kuanza mapigano ya El Alamein, ingawa jeshi lenyewe lilikuwa limeundwa mwaka mmoja kabla. Waliopigana chini ya jina hilo mwaka 1941 na kuondoka kabla ya Oktoba hiyo hawakukipata, na wengi wao walilalamika maisha yao yote. Mtu anapovaa utepe peke yake bila medali, kibao hicho hugeuka kuwa tarakimu ndogo ya fedha, 8 au 1, au waridi dogo la fedha. Askari wa Gondar huvaa utepe usio na kitu juu yake.

Na mwisho kuna fundi wa kupanga medali kifuani. Chukua askari wa Keya aliyepita Ethiopia, kisha akasafirishwa Asia pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoshuka bonde la Kabaw kuelekea mto Chindwin mwaka 1944. Mezani pa fundi atakuwa na Nyota ya 1939–45, Nyota ya Afrika, Nyota ya Burma na Medali ya Vita ya 1939–45, ile ya duara yenye simba amesimama juu ya joka la vichwa viwili. Mpangilio hauchaguliwi, ni huo, kuanzia katikati ya kifua kwenda bega la kushoto.

Fundi hukata kitambaa kigumu cha kuegemezea, akaweka juu yake kibao cha pini. Hupima kila utepe mara mbili, kwa sababu nyota ina urefu wa milimita 44 na medali ya duara ina kipenyo cha milimita 36, na kanuni inataka zote ziishie chini kwenye mstari mmoja. Tepe zikikatwa urefu sawa, nyota zitaning'inia chini ya medali. Kwa hiyo hufupisha utepe wa kila nyota kiasi cha tofauti hiyo, akihesabu na pete. Hukunja ncha ndani ili isifumuke, hupitisha kwenye pete, hushona kwa uzi wa rangi ya utepe, mshono mfupi, upande wa nyuma. Tepe husogezwa ukingo kwa ukingo mpaka mwanga usipite kati yake. Huweka rula chini ya ncha za nyota na ukingo wa medali, akaitazama kwa usawa wa macho. Kisha, kabla ya kukaza mshono wa mwisho, hurudi kwenye utepe wa rangi ya mchanga na kutafuta buluu iliyokolea. Inatakiwa ikae upande wa Nyota ya 1939–45. Akiikuta upande wa Burma, hufumua yote na kuanza upya.